Moluska waishio ndani ya mwani wa mwambani: mwongozo kamili wa kuwachunguza maji yakipwa

Ukisimama juu ya mwamba wa Makunduchi au Kizimkazi, Unguja, au kule Kanamai na Vipingo upande wa Kenya, maji yakiwa yamekupwa, jicho hukimbilia vikubwa: kauri anayeng'aa, pweza aliyejibana kwenye tundu, chaza walioganda ukutani mwa jabali. Wengi wa moluska wa mwamba huo hawaonekani hivyo. Wamo ndani ya mwani. Shika kishada kimoja cha mwani wa kahawia, kitikise ndani ya beseni la maji ya bahari, kisha subiri mchanga utuame. Vitakavyoanza kutambaa chini ya beseni ni konokono wadogo kuliko punje ya mchele, wa maumbo na rangi nyingi, wasioliwa wala kuuzwa, na kwa hiyo hakuna anayewatazama.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa chuo anayetafuta mradi, mwalimu wa sekondari mwenye darasa karibu na pwani, na kikundi cha kijiji kinachotaka kujua hali ya mwamba wake. Ninapoandika moluska ninamaanisha konokono wa baharini, chaza na kome, koa, kitoni na pweza. Jambo moja litarudi mara kwa mara: pima mwani kwanza. Ukihesabu konokono bila kujua walikuwa kwenye mwani kiasi gani na wa aina gani, huna unachoweza kulinganisha na mtu mwingine, wala na wewe mwenyewe mwakani.

Hatua ya 1: Ruhusa

Pwani ina wenyewe. Zanzibar anza kwa sheha na kamati ya uvuvi ya shehia. Kenya anza kwa kikundi cha usimamizi wa ufuo, ambacho wavuvi wenyewe hukiita BMU. Kwa utafiti rasmi, Tanzania Bara kibali hutoka COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, na Kenya hutoka NACOSTI, tume ya sayansi ya huko, na Zanzibar ina utaratibu wake. Ndani ya hifadhi kama Watamu na Malindi, zilizotangazwa 1968, au Chumbe na Mafia, usiguse chochote bila idhini ya wasimamizi.

Kuna ruhusa nyingine isiyoandikwa popote. Wanawake wanaokwenda pwani kuokota kombe na kuchokoa pweza wanaujua mwamba huo kuliko mtafiti yeyote. Waamkie, waeleze unachofanya, waulize. "Shikamoo bibi, hapa mwani mwingi huota miezi gani?" ni swali litakalokuokolea msimu mzima wa kubahatisha. Wakikuambia sehemu fulani wameifunga ili pweza wakue, usiikanyage.

Hatua ya 2: Siku na saa

Pwani ya Afrika Mashariki maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Maji hupwa sana siku moja au mbili baada ya hapo. Maji mafu hayakufai: ukingo wa chini wa mwamba, ambako mwani mkubwa huota, utabaki umefunikwa.

Siku za bamvua, maji hufika mwisho wa kupwa mnamo saa nne asubuhi, kisha saa hiyo husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku. Angalia jedwali la maji na uchague siku ambayo kina cha kupwa ni chini ya nusu mita. Bamvua la Machi na la Septemba hupwa kuliko yote, kwa hiyo ukiwa na nafasi ya safari mbili tu kwa mwaka, ziweke hapo.

Fika muda wa saa mbili kabla ya mwisho wa kupwa na ufuate maji yanavyoteremka. Yakigeuka, nawe geuka. Kwenye mwamba mpana maji hujaa kwanza nyuma yako, kwenye mabonde yaliyo kati yako na ufuo, na watu wamekwama hivyo. Kipindi cha kusi mawimbi hupiga kwa nguvu ukingoni, kwa hiyo usiende peke yako.

Hatua ya 3: Vifaa

Huhitaji maabara kuanza. Tafuta kamba au futi ya mita 30, fremu ya mraba ya sentimita 50 kwa 50 iliyoungwa kwa bomba la plastiki, na nyingine ndogo ya sentimita 20 kwa 20. Ongeza ndoo mbili, beseni jeupe (weupe ni muhimu, la bluu litakuficha nusu ya wanyama), kisu, kibano, lenzi ya mkono inayokuza mara 10, mizani ya kupima gramu, kalamu ya risasi na daftari. Kalamu ya wino itakusaliti ikiloa.

Kwa kuchekecha, chekeche la maabara lenye matundu ya nusu milimita ndilo bora. Lisipopatikana, chujio la chai la wavu wa chuma litakusaidia. Chandarua hakifai, matundu yake ni makubwa na wadogo wote watapita. Mifuko ya kubebea mwani shona ya kitambaa kizito, yenye kamba ya kufunga mdomo.

Vaa viatu vya soli ngumu vinavyobana mguu, si kandambili. Kuna mnyama wa miba mirefu myeusi kwenye mabwawa ya mwamba, na kuna samaki afananaye na jiwe kabisa ambaye miba yake ya mgongoni ina sumu kali. Na kabla ya kuendelea, somo la koni. Konokono wa jamii ya Conus wana gamba lenye umbo la pia, pana juu na jembamba chini, mara nyingi lenye michoro ya kuvutia sana. Wote wana mshale wa sumu. Conus ebraeus, mwenye madoa meusi juu ya weupe, huwinda minyoo na huonekana mara nyingi mwambani. Lakini Conus geographus huwinda samaki na sumu yake imeua watu. Kwa hiyo usiokote koni yeyote kwa mkono, usimtie mfukoni, na usidhani kwamba ukimshika upande mpana uko salama. Akimchoma mtu, mtulize, mfunge bendeji ya kubana kiungo kizima, mzuie asitembee, mkimbizeni hospitali huku mkiangalia pumzi yake. Hakuna dawa ya kuondoa sumu hiyo. Kinachookoa ni msaada wa kupumua hadi nguvu yake iishe.

Hatua ya 4: Soma mwamba kabla ya kugusa kitu

Hatua hii watu huiruka, na ndiyo inayotofautisha uchunguzi na uokotaji. Miamba mingi ya pwani yetu ni matumbawe ya kale yaliyogeuka chokaa, yaliyoota bahari ilipokuwa juu kuliko leo, zaidi ya miaka 100,000 iliyopita. Mawimbi yameyala kwa chini, ndiyo maana jabali linaning'inia, na mbele yake kuna uwanda mpana wa jiwe lenye mabwawa. Tembea kutoka juu kwenda chini ukiandika unachokiona, maana kila kimo kina wakazi wake.

Juu kabisa, panapofikiwa na rasharasha tu, jiwe ni jeusi kwa utando wa vijimea. Hapo hakuna mwani wa kushikika, lakini wapo konokono Littoraria glabrata na Nerita plicata, yule mweupe mwenye matuta. Hujibana kwenye nyufa na kufunga mlango wa gamba ili wasikauke mchana. Wahesabu kwa fremu ndogo na uendelee.

Chini kidogo, chini ya jabali linaloning'inia, kuna mkanda wa chaza wa mwambani, Saccostrea cucullata, wenye makali yanayokata kama wembe. Katikati yao utawaona kitoni wakubwa wa Acanthopleura, gamba lao limegawanyika vipande vinane, na konokono mdogo mwenye vinundu vyeusi, Tenguella granulata, ambaye vitabu vya zamani humwita Morula granulata. Huyu ni mwindaji, hutoboa gamba la mwenzake na kumla. Magamba matupu ya chaza hapa yana kazi: konokono wadogo na kome wachanga hujificha humo jua linapokuwa kali.

Kisha uwanda. Jiwe limefunikwa na mwani mfupi uliosongamana, wa aina nyingi kwa pamoja, unaoshika mchanga. Anayepita hudhani hakuna kitu, kumbe hapa ndipo penye kauri wa pete, Monetaria annulus, wamejificha chini ya mawe na pembezoni mwa mabwawa. Karne ya 19 wafanyabiashara wa Hamburg waliwanunua kauri hawa Unguja kwa shehena za meli na kuwapeleka Afrika Magharibi, walikotumika kama fedha. Biashara hiyo yote ilitoka kwenye uwanda kama huu, kwa mikono ya watu wanaosubiri maji yapwe.

Mwisho, ukingo wa chini na mabwawa yasiyokauka. Hapa ndipo utakapofanya kazi kubwa. Kuna Sargassum yenye vipira vya hewa, Turbinaria ngumu yenye majani kama tarumbeta, Padina iliyojikunja kama kipepeo cha kupepea moto, Ulva ya kijani, Halimeda yenye vidonge vya chokaa. Jifunze kutofautisha mwani na majani ya bahari: majani ya bahari yana mizizi ya kweli na hutoa maua, mwani hauna. Viumbe vyao hutofautiana, usivichanganye kwenye mfuko mmoja.

Hatua ya 5: Mstari na fremu

Tandaza kamba kutoka jabalini hadi ukingoni. Usiweke fremu pale panapopendeza. Andika namba kwenye vikaratasi, vichanganye, toa kimoja bila kutazama, na uweke fremu kwenye mita iliyotoka. Katika kila kimo weka fremu zisizopungua tano. Ndani ya kila fremu andika kwanza asilimia ya jiwe iliyofunikwa na kila aina ya mwani, urefu wa mwani, kama kuna mchanga au maji, halafu ndipo uhesabu moluska wanaoonekana kwa macho. Piga picha ukiwa juu yake moja kwa moja.

Ukigeuza jiwe, lirudishe kama lilivyokuwa, upande uleule chini. Wanaoishi chini ya jiwe hawastahimili jua, na wanaoota juu yake hawaishi gizani. Jiwe lililoachwa limepinduka huua pande zote mbili, na kwenye pwani zetu zenye wageni wengi nimeona miamba mizima ikiachwa hivyo. Inaumiza.

Hatua ya 6: Kuwatoa ndani ya mwani

Una njia mbili.

Njia ya kwanza haikati kitu. Vuta beseni hadi kwenye kishada kilicho bwawani, kiinamishe ndani ya beseni kikiwa bado kimeshika jiwe, kitikise kwa kuhesabu hadi 30, rudia mara tatu. Chekecha maji, wahesabu wanyama kwenye trei, wapige picha, warudishe palepale. Utawakosa waliojifunga kwa nyuzi na waliojibana kwenye shina, lakini kwa wanafunzi wa sekondari na vikundi vya kijiji mimi ningeshauri njia hii tu. Ukitikisa vilevile kila mara, namba zako zinalinganishika.

Njia ya pili ni ya utafiti wenye kibali. Funika kishada kizima kwa mfuko wa kitambaa kikiwa bado majini, kaza kamba chini, kisha kata kwa kisu chini kabisa, pale mwani unaposhika jiwe. Sehemu hiyo watu huiita mzizi ingawa hainyonyi chakula. Kazi yake ni kushika. Usiiache. Ndani ya vishimo vyake hukaa kome wachanga na konokono ambao hawapatikani kwenye majani kabisa. Ukifunika baada ya kukata, au mwani ukiwa nje ya maji, nusu ya wanyama wameshaanguka.

Chukua vishada vitano vya aina moja ya mwani kwa kila kimo na uache hapo. Kila kishada kiwe na mfuko wake na kijikaratasi cha kalamu ya risasi ndani: mahali, tarehe, saa, kimo, aina ya mwani. Usivichanganye vishada vitano kwenye ndoo moja kwa kuokoa muda, maana tofauti kati ya kishada na kishada ni sehemu ya jibu lako.

Hatua ya 7: Kuosha na kuhifadhi

Tumbukiza mwani kwenye ndoo ya maji baridi yasiyo na chumvi, utikise kwa nguvu, umimine juu ya chekeche. Rudia hadi maji yatoke bila kitu, kwa kawaida mara tatu au nne. Pasua sehemu ya kushikia jiwe kwa kisu na uichunguze kwa lenzi.

Koa wa baharini wasitiwe kwenye spiriti moja kwa moja, hujikunyata na hutawatambua tena. Wapige picha wakiwa hai kwanza. Kisha walegeze kwa myeyusho wa magnesi kloraidi, takriban gramu 70 za fuwele zake kwa lita moja ya maji baridi, ndipo uwahifadhi. Kwa wote tumia ethanoli ya asilimia 70. Epuka formalini: huwa na asidi, na asidi hula gamba polepole hadi mkusanyo wako ugeuke unga.

Hatua ya 8: Kuwatambua

Kwanza tenga hai na wafu. Gamba lenye kaa ndani si konokono, na mwambani kaa wa namna hiyo ni wengi kupita kiasi. Tazama mdomo wa gamba: konokono hai ana mguu laini, na mara nyingi kifuniko kinachoziba mlango. Magamba matupu yaandike pembeni, usiyajumlishe.

Halafu wagawe kwa kazi zao, hata kama hujajua majina. Wengi wa wadogo hawali mwani wenyewe. Hukwangua utando wa vijimea ulioota juu ya majani, kwa ulimi wenye meno, na kwa kufanya hivyo huusafisha mwani uendelee kupata mwanga. Wapo wanaokula mwani kweli, kama sungura wa bahari, Dolabella na Aplysia, wanaotoa wino wa zambarau wakisumbuliwa. Wapo Elysia, koa wa kijani wanaofyonza utomvu wa mwani wa kijani na kubaki na chembe za kijani za mmea mwilini mwao, zikiendelea kupokea mwanga. Rangi yao ni ileile ya mwani waliokalia, kwa hiyo tafuta mwendo, si rangi. Wapo wanaochuja maji, kome wachanga waliojifunga kwa nyuzi. Na wapo wawindaji, Tenguella na jamaa zake.

Kwa majina ya kisayansi, hakiki tahajia na jina linalotumika sasa kwenye MolluscaBase, orodha ya mtandaoni ya majina ya moluska, maana majina mengi ya vitabu vya zamani yamebadilika. Usipofika kwenye spishi, simama kwenye jenasi au familia na uandike "aina A", "aina B", pamoja na picha ya mbele, ya nyuma na ya mdomo wa gamba, kando ya rula. Jina la kukisia ni baya kuliko herufi.

Hatua ya 9: Pima mwani, kokotoa

Kausha mwani uliooshwa kwenye oveni ya nyuzi 60 kwa saa 48, au juani juu ya jamvi hadi upimaji wa siku mbili mfululizo utoe uzito uleule. Kisha weka idadi ya moluska kwa kila gramu 100 za mwani mkavu. Chukua mfano wa kubuni: kishada cha kwanza kina konokono 90 na uzito wa gramu 60, cha pili kina konokono 60 na gramu 20. Kwa macho cha kwanza kimeshinda. Kwa gramu 100, cha kwanza ni 150 na cha pili ni 300. Mara nyingi tofauti hiyo hutoka kwenye umbo: mwani wenye matawi mengi membamba una maficho mengi kuliko jani pana la Ulva.

Kwa utofauti wa aina, kipimo cha Shannon kinatosha. Gawa idadi ya kila aina kwa jumla, zidisha jibu kwa logi asilia yake, jumlisha zote, ondoa alama ya kutoa. Ukiwa na aina nne zenye 40, 30, 20 na 10, utapata takriban 1.28. Igawe kwa logi asilia ya 4, ambayo ni 1.39, upate 0.92. Ikikaribia 1, hakuna aina iliyowameza wenzake.

Chora pia mstari wa aina mpya zinazopatikana kila unapoongeza kishada. Ukiwa bado unapanda kwenye kishada cha tano, usiandike kwamba umeorodhesha aina zote za mahali hapo. Andika ulizozipata.

Hatua ya 10: Rudi

Ziara moja hukupa picha tu. Rudi kaskazi na kusi, kwenye mita zilezile, kwa njia ileile, kwa sababu mawimbi ya kusi hung'oa mwani ukingoni na wakazi wake huondoka nao au husogea. Weka alama kwa vipimo vya mahali (GPS) vya simu na kwa picha ya jabali, si kwa rangi juu ya jiwe.

Matokeo yapeleke kwanza kwa kamati iliyokuruhusu, kwa Kiswahili, yakiwa na picha za wanyama zilizokuzwa kiasi cha kuonekana. Sampuli zilizohifadhiwa zisibaki nyumbani. Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyoko Unguja, au KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi ya Kenya iliyoko Mombasa, ndiko pa kuuliza zitunzwe wapi. Picha unaweza kuzipandisha kwenye iNaturalist, tovuti ya picha za viumbe, ili wataalamu wa mbali wakusaidie majina, lakini kwa kauri wakubwa, koni na konokono wengine wanaotafutwa na wauza magamba, chagua mpangilio unaoficha mahali kamili. Wauzaji nao husoma ramani hizo.